Mwanamume Asiyenuka Moshi

2 Septemba

Daktari amesema presha yangu inapanda bila kuaga, ninunue daftari niwe naiandika kila siku. Dukani lilibaki moja tu, nene kama la karani wa mahakama. Namba mbili kwa siku hazitalijaza hata nikizeeka mara mbili, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Presha leo: juu. Sababu: nafundisha watu kuendesha gari mjini Strumica, na mwezi huu kila trekta ya Strumica imebeba pilipili hoho, na kila mwenye trekta anaamini barabara aliachiwa na babu yake.

5 Septemba

Presha: juu kiasi. Ratka kanunua magunia manane ya hoho. Mimi nilisema sita. Nimekaa na mke huyu miaka ishirini na tisa na bado huwa nasema sita.

8 Septemba

Tumeanza kuchoma. Ua mzima ni moshi, wetu na wa majirani, hujui unakohoa wa nani. Msimu wa ajvar, rojo letu la hoho la majira ya baridi, ukifika, mtu wa Strumica unaweza kumtambua kwa pua kabla hujamwona. Nikiingia garini wanafunzi wanafungua madirisha. Nawaambia hiyo ndiyo harufu ya mume mwema, maana asiyesaidia kuchoma hanuki.

Kazi iko hivi: mimi nachoma hoho juu ya jiko la kuni mpaka ngozi iwe nyeusi, Ratka anazimenya, tunazisaga, kisha tunazikoroga kwenye sufuria kubwa na mafuta, biringanya, siki na chumvi mpaka mkono ufe ganzi. Baada ya hapo chupa, vifuniko, na majira ya baridi yaje yakitaka.

Leo alikuwa kwenye kigoda chake, vidole vyeusi, simu ameiegemeza kwenye ndoo. Akacheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Sotir."

"Sotir yupi?"

"Wa kundini. Wa Dojran."

Kundi ninalijua. Ni la mtandaoni, la wapika ajvar, watu maelfu, na mwenyewe ni Zaga wa saluni pale karibu na soko. Nilidhani humo wanaume hawamo.

10 Septemba

Nimeyasoma ya huyo Sotir wakati Ratka ameenda kununua chumvi. Nayanakili hapa ili daktari aelewe:

"Mpendwa Ratka, inapendeza sana kwamba umechagua kuni. Kila hoho hubeba ndani yake kumbukumbu ya jua. Je, uchovu wa leo umekuwaje? Na usisahau, vifuniko vya rangi ya dhahabu hufunga vizuri zaidi."

Kumbukumbu ya jua. Mimi siku ya uchumba nilimwambia Ratka kwamba gauni lake halina kasoro, nikaona nimemaliza maneno ya mwaka.

Presha: sikupima, niliiona ukutani kwenye kioo.

11 Septemba

Tumechoma. Tumemenya. Sotir kaandika mara tatu.

15 Septemba

Mitre kaja kuonja. Mitre ni kaka yake Ratka, anauza vipuri vya baiskeli, na tangu nimuoe dada yake ananiona kama kipuri alichouziwa kikiwa na kutu.

"Shemeji, mbona umenuna kama umefeli leseni?"

Nikamweleza habari za Sotir, kwa sauti ya chini, kama naulizia kwa niaba ya mtu mwingine. Akachukua simu yangu, akafungua kundi, maana kulisoma hakuhitaji kujiunga, akasoma huku anatafuna jibini.

"Anajibu mara moja. Saa yoyote. Mtu mwenye hoho zake jikoni anajibuje mara moja?"

"Ndiyo hilo ninalosema mimi. Mvivu, ana nafasi."

"Au si mtu, shemeji. Ni mashine. Siku hizi nusu ya wanaoongea humo ni mashine, unaziuliza zinajibu, hata ukizitukana zinakushukuru."

Nilimpa glasi ya pili ya rakija, pombe yetu kali ya matunda, kwa furaha. Mashine! Nikatembea uani kama mtu aliyerudishiwa pochi yake.

Alipoondoka ndipo furaha ikaniishia. Maana kama ni mtu, nimepitwa na mwanamume wa Dojran, jambo ambalo lishawapata wengine. Kama ni mashine, nimepitwa na kitu kinachochomekwa ukutani pamoja na friji.

19 Septemba

Nimemwambia.

"Ratka, huyo Sotir wako ni mashine."

Hakuinua macho kutoka kwenye beseni. "Umejuaje?"

"Hachoki."

"Kumbe anayechoka ndiye mtu? Basi wewe ni mtu mno, Gligor."

"Nakueleza kwa wema."

"Na yeye aliniuliza kwa wema goti langu linaendeleaje."

"Goti lako lina nini?"

Hapo ndipo alipoinua macho. Akaendelea kumenya, na hoho zikawa zinaanguka kwenye beseni moja moja, pwata, pwata, na mimi nimesimama pale na koleo kama mgeni aliyekosea nyumba.

Presha: juu sana.

20 Septemba

Mvua. Tumefunika magunia kwa turubai.

22 Septemba

Leo nimefanya jambo ambalo sitalimweleza Mitre. Nimejiunga na kundi. Kwa jina la Ilija, wa Berovo, mfugaji kondoo mstaafu. Kondoo nimewaona kwa dirisha la gari.

Nia yangu ilikuwa safi: kumchunguza Sotir kwa karibu. Lakini kwanza nilitaka Ratka aone kwamba na wanaume wa kawaida wanaweza kuzungumza vizuri. Nikaona nisibahatishe. Nikaiomba mashine ya simuni, ile ambayo kila mtu anayo sasa, iniandikie maneno ya kusifu picha ya sufuria yake. Ikaandika habari za mapambazuko, urithi na mikono ya akina mama. Nikayatuma bila kusoma mpaka mwisho.

Ratka akajibu: "Bwana Ilija, unaandika kama Sotir. Mmoja ananitosha."

Nilitaka kumshinda Sotir kwa mchezo wake mwenyewe, nyumbani kwake, na viatu vyake.

24 Septemba

Mwanafunzi alikuwa akihangaika kurudi nyuma kati ya vibao viwili. Kazi hiyo humchukua muda mrefu, nikatoa simu. Safari hii niliandika mwenyewe, chini ya picha mpya ya Ratka: "Biringanya umeziunguza."

Jibu likaja kabla mwanafunzi hajagonga kibao: "Umeziunguza wewe na babako."

Nikaandika: "Baba yangu alikuwa mpishi wa jeshi. Aliunguza kwa amri."

Nilipofika nyumbani Ratka alikuwa bado anacheka, anamsimulia jirani kupitia juu ya ukuta. "Mzee mmoja wa Berovo," anasema, "kanichekesha mpaka kisu kikaniponyoka." Nikapita na mkate wangu. Miaka kadhaa sijamchekesha hivyo, na siku niliyofaulu sikuruhusiwa hata kuinama mbele ya watazamaji.

30 Septemba

Sasa Ratka na Ilija wanaandikiana faraghani.

Aliuliza: huko Berovo mnatia siki kiasi gani kwa sufuria kubwa? Nikamtajia nusu ya ile ya kweli. Sikukusudia ubaya, mkono uliandika wenyewe. Kwetu hakuna anayetoa mapishi mazima. Mama yangu, Mungu amrehemu, alimpa Ratka ya kwake siku ya harusi, kwa busu na machozi, na akaacha kumwambia kwamba chumvi hutiwa mara mbili. Ratka aliligundua mwenyewe baada ya miaka minne. Alimwendea mama na chupa ya ajvar yake, akaiweka mezani. Mama akaonja, akamkumbatia kuliko siku ya harusi. Kuanzia hapo wakawa marafiki.

Ratka akamjibu Ilija: "Umenipunja siki. Karibu kundini, wewe ni mtu."

Niliona raha mpaka masikioni. Nikauliza: "Na Sotir je?"

"Sotir hutoa yote," akaandika.

Raha ikatoka kwa mlango uleule ilioingilia. Hutoa yote! Mimi hata kwa jina la uongo natoa nusu.

3 Oktoba

Tumemaliza gunia la tano. Sotir anapendekeza vifuniko vya dhahabu. Tena.

6 Oktoba

Presha: sitaki kuijua.

Leo Ilija alimuuliza Ratka, basi tu kwa kupitisha muda, mumeo ni mtu gani. Nilitegemea mambo mawili matatu ya heshima. Nikapokea haya, na nayaandika yote kwa sababu sijui nitayaweka wapi pengine:

"Mume wangu ni mtu mwema. Anafundisha udereva. Gari lake lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, upande wake. Nusu ya mji huu imejifunza kwake. Mimi leseni ninayo, nilifaulu kabla hatujaoana, lakini siendeshi. Kila nikishika usukani yeye hukanyaga breki yake kabla sijakanyaga yangu. Haongei, hagombi, anakanyaga tu. Nikaacha. Na siku hizi, Ilija, hata tukizungumza nausikia mguu wake. Naanza kusema jambo, naona limeshasimama."

Nilikuwa garini, kwenye maegesho ya mahakama, namsubiri mwanafunzi. Mguu wangu wa kulia ulikuwa juu ya ile breki. Gari limezimwa, limetiwa gia, halina dereva, na mimi nimekanyaga.

Ilija akamjibu: "Umewahi kumwambia?"

"Humwambii mtu kwamba anapumua," akaandika.

Jioni alinipa supu, tukala. Nilimtazama mke wangu na nikamwonea wivu yule mzee wa Berovo asiye na kondoo hata mmoja. Yeye kaambiwa. Mimi nimepewa supu.

9 Oktoba

Nimeamua kubadilika. Asubuhi nimemuuliza: "Goti?"

"Liko," akasema, akanitazama.

Nikaona nimefanya vizuri. Nikaenda kuangalia mpira.

10 Oktoba

Ratka kwa Ilija: "Jana mume wangu kaniuliza goti. Nikasema liko. Akaenda kuangalia mpira."

14 Oktoba

Siku ya kukoroga. Nimekabidhiwa mwiko, Ratka yuko ndani anachemsha chupa. Simu ikanitetemeka mfukoni: ni yeye, dirishani pale, anamwandikia Ilija kwamba leo wanakoroga na kwamba mume wake, lazima amsifu kwa hilo, ana mkono mzuri wa kukoroga.

Mtu akisifiwa hivyo atafanyaje? Nikajificha nyuma ya kuni kumjibu. Nikaandika kwamba mkono mzuri wa kukoroga ni jambo kubwa, kwamba mwanamume wa namna hiyo si wa kubeza. Nikafuta. Nikaandika upya, kwa ufundi zaidi.

Harufu ndiyo iliyonirudisha. Ratka alifika kabla yangu. Akachota kutoka chini ya sufuria, mwiko ukatoka na kitu cheusi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Na sufuria, ilikuwa inafikiri nini?"

Gunia zima na nusu, kama si zaidi. Akaonja, akatema. Baadaye Ilija akaletewa taarifa: "Nilichosema kuhusu mkono wa mume wangu, kifute."

20 Oktoba

Zaga kaandika tangazo kundini. Ugomvi umekuwa mkubwa: huyu anamwita yule mashine, yule anamwita huyu mashine, bibi mmoja mwalimu mstaafu kafukuzwa kwa sababu anaweka nukta zote mahali pake. Kwa hiyo Zaga ameamua wakutane ana kwa ana, Dojran, ziwani, siku ya Mtakatifu Dimitri. Na anayetaka kuja atume kwanza picha ya mkono wake, ulivyo, mweusi wa kumenya hoho, wenzake waukague.

Sotir kajibu wa kwanza: "Nitafurahi mno kuwa pamoja nanyi."

"Nakwenda," Ratka akasema wakati anakunja taulo.

"Siku ya Mtakatifu Dimitri? Siku ya jina la Mitre, ya mtakatifu somo wake?"

"Mitre atanielewa."

Mitre alikuwa jikoni kwetu, mdomo umejaa. "Karamu ya siku ya jina hapa haina mwaliko," akasema. "Anayenipenda anakuja, asiyenipenda anakwenda ziwani kula samaki."

"Nitapita jioni, mchoyo wee."

"Jioni nyama imeisha."

"Wewe nyama ikiisha unatoa nyingine iliyofichwa kibandani. Miaka yote."

Walicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nafikiria kituo cha basi, na mwanamume wa Dojran anayemngoja amevaa shati jeupe lisilonuka moshi.

22 Oktoba

Ilija akauliza: "Unakwenda kwa ajili ya nani?"

Alichelewa kujibu, na Ratka si wa kuchelewa. "Nataka kuona nani atakuja," akaandika. "Wewe utakuja?"

Nimekaa na swali hilo siku nzima. Ilija asipokuja, atakuwa mashine. Akija, atakuwa mimi.

26 Oktoba

Baridi. Gunia la mwisho. Sikuandika kitu kwa jina lolote.

27 Oktoba

Presha ya leo daktari ataikisia mwenyewe.

Asubuhi Sotir katuma mkono. Mkono mzuri, sina la kusema. Vidole vitano virefu, ngozi laini ya mtangazaji wa redio, nao umeshika hoho iliyochomwa, na kwa nyuma ziwa. Wanawake mia mbili wakaupenda. "Huyu ni mtu," Zaga akatangaza, "tena muungwana."

Nilisimamisha gari kando ya barabara. Mwanafunzi akaniuliza kama amekosea. Nikamwambia hapana, mimi ndiye ninayekosea, subiri kidogo. Nilikuwa nimetoka kumenya alfajiri, mikono bado myeusi. Nikauweka wa kushoto juu ya usukani, nikaupiga picha, nikautuma kwa jina la Ilija. Sikufikiri. Nilichotaka ni kuwa mtu mbele ya wale watu, na mbele ya Ratka hasa, kabla ya Sotir kumaliza kushangiliwa.

Niseme sasa habari za kidole, maana daktari anazijua lakini daftari halizijui. Kidole changu kidogo cha kushoto kiliishia kwenye mkanda wa pampu ya maji, shambani kwa baba mkwe, mwaka wa kwanza wa ndoa. Ratka alikiokota kipande, akakitia kwenye chupa ya ajvar pamoja na barafu, akapanda nami nyuma ya pikapu mpaka hospitali, chupa ameikumbatia. Hawakuweza kukirudisha. Wanafunzi wangu wote wanalijua jambo hili: nikiwaonyesha kwa vidole gia ya tano, wanaona ya nne na nusu.

Kundi lilipouona mkono, likalipuka.

"Hesabuni vidole jamani."

"Mashine imeshindwa kufika tano."

"Huyu wa Berovo nilimtilia shaka tangu zile biringanya."

Na Zaga mwenyewe: "Takataka hii naiondoa leo. Hata kudanganya hawajui." Zaga! Nilimfundisha kuendesha majira mawili ya joto, mkono huohuo ukimwonyesha kushoto na kulia, alikuwa akiuita kibao cha njia panda.

Nilikuwa natafuta mahali pa kujiondoa kundini, kwa vidole vyote tisa na nusu, ndipo likaja jina la Ratka.

"Zaga, acha. Mkono safi kama ule wa Sotir, msimu huu, ni wa mashine au wa mwanamume ambaye hajawahi kumsaidia mkewe. Huu wenye kidole nusu ni mtu. Ni mume wangu."

Nilimrudisha mwanafunzi kwake, nikaenda nyumbani polepole, kila trekta ikanipita. Ratka alikuwa uani anafuta chupa. Hakunitazama.

"Kwa hiyo kondoo umewauza," akasema.

"Ratka."

"Usiniite. Nafuta chupa."

Nikachukua kitambaa kingine, nikafuta na mimi. Tulifuta nyingi.

"Sotir nilimjua wiki ya kwanza," akasema baadaye. "Si alinipa mapishi mazima? Chumvi zote mbili, siki yote, hata alipoteza muda kunieleza moto wa kiasi gani. Binadamu gani wa huku anafanya hivyo? Nikasema hiki ni chuma kinachouza vifuniko."

"Ulijua, ukaendelea kuongea nacho?"

"Kilikuwa kinauliza swali la pili, Gligor. Nikisema goti linauma, kinauliza tangu lini. Chuma. Hakina hata masikio." Akaiweka chupa chini kwa nguvu, lakini haikuvunjika, si mtu wa kuvunja chupa. "Basi akaja Ilija. Anadanganya siki, anatukana biringanya zangu, ana swali la pili. Nikajua huyu ni mtu. Na nikaanza kuangalia simu kama msichana, mimi na umri huu, nikaogopa. Nikawa naomba awe mashine na yeye. Halafu leo ananiletea mkono niliolala nao miaka yote hii."

"Nilikuwa na wivu."

"Wa nani?"

"Wa Sotir. Baadaye wa Ilija."

"Ilija ni wewe."

"Ndiyo. Huyo ndiye aliyeniuma zaidi."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alichukua beseni, akaingia ndani, akafunga mlango bila kuubamiza, na hilo ndilo baya zaidi.

28 Oktoba

Hatuongei.

29 Oktoba

Hatuongei. Nimemenya zote zilizobaki.

31 Oktoba

Kasema: "Chumvi." Nikampa.

4 Novemba

Zaga kaniomba radhi, kwa simu, kwa sauti yake ile ya kukausha nywele.

"Mwalimu wangu, nisamehe. Picha hainuki. Ingenuka moshi ningekujua."

Sotir wamemwondoa. Mtu kafuatilia, kumbe majina kumi na zaidi ya kundini, wote waungwana, wote walikuwa mali ya duka moja la vifuniko. Wanawake wengine wanasikitika. Mmoja kaandika kwamba tangu afiwe hakuna aliyemtakia usiku mwema ila Sotir, na hajali alikuwa nani. Hakuna aliyemdhihaki. Ratka aliyasoma mara mbili, akaweka simu kifudifudi.

Nikauhisi tena ule wivu. Kumwonea wivu aliye hai kunaeleweka. Mimi sasa namwonea aliyefutwa.

7 Novemba

Nimemuuliza: "Kesho basi la saa ngapi?"

"Siendi na basi," akasema.

8 Novemba, Mtakatifu Dimitri

Asubuhi alikuwa amevaa koti lake la buluu, na funguo za gari ziko mkononi mwake.

"Ilija alialikwa," akasema. "Anakuja au yuko na kondoo?"

Nilikwenda kufungua mlango wa dereva kwa mazoea, nikamkuta ameshakaa. Nikazunguka. Nimekaa kwenye kiti cha mwalimu maisha yangu yote, upande wa kulia usio na usukani, breki yangu mbele yangu, na sijawahi kuwa abiria.

"Mguu," akasema.

"Nauona."

"Mimi pia nauona. Uweke mahali pengine."

Nikavua kiatu. Sijui kwa nini, ilionekana ndiyo njia ya hakika. Nikakunja mguu chini ya kiti kama mtoto kanisani, soksi ina tundu, akaliona, akawasha gari.

Mpaka tunatoka mjini aliendesha kama mtu anayebeba supu. Kwenye kona za kuelekea Valandovo lori likatokea katikati ya barabara, na mguu wangu wote ukaamka, mpaka nyonga. Nikaushika kwa mikono miwili. Ratka akapunguza, akasogea, akapita. Vizuri kabisa. Afadhali kuliko ambavyo ningefanya mimi, ingawa si lazima Mitre ajue.

Mtelemko ulipoisha nikaona anabadilisha gia na kukunja uso kidogo.

"Goti linauma ukikanyaga klachi?"

"Kidogo."

Barabara ilikuwa imenyooka, hakuna trekta. Ningeweza kutazama mashamba. Nilikuwa tayari nimegeuka kuyatazama.

"Tangu lini?" nikauliza.

Alinitupia jicho moja, la haraka, kama dereva mzuri anavyotazama kioo. Kisha akaanza kunieleza, tangu majira ya kuchipua, siku aliyoteleza kwenye ngazi za kanisa na mimi niko nyuma nafunga mwavuli, na mengine yaliyofuata, na mengine yasiyohusu goti. Nikauliza lingine. Ziwa lilipotokea mbele yetu alikuwa bado anaeleza, na sisi tukalipita lango la hoteli ya mkutano, tukaendelea pembeni ya maji, kwa sababu hakuwa amemaliza.

Presha: sikupima.